Kirukanjia Kwenye Droo Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Kikao ofisini. Daktari wa wanyama kasema kichaka cha nyuma ya hifadhi yetu kitafyekwa Ijumaa kiwe maegesho ya magari. Ila akipatikana kirukanjia mdogo, yule mnyama kama panya asiyeonekana miaka mingi, tingatinga halitakanyaga hapa. Na atakayempata, picha yake itatundikwa ukutani! Miwani, mkata tiketi wetu, tayari kaanza kuchana nywele. Atanitambua. Nimefukia ndoo kichakani, mdomo sawa na ardhi, mnyama akipita atumbukie. Ndani, karanga za kukaanga. Nani atakataa karanga?

Jumanne, 4 Machi
Mavuno: chura, jongoo, na mguu wa Miwani. Nimempa pole huku nacheka. Daktari akauliza nani kaweka karanga. Eti kirukanjia si panya, ingawa wanafanana. Yeye hula wadudu, na akikaa saa chache tu bila kula anakufa. Nikasema bila shaka ni Miwani.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata! Hafiki hata kidole gumba changu, pua ndefu haitulii, na harufu yake, jamani! Karanga hakugusa, alikuwa anammalizia mende. Daktari yuko mjini hadi kesho. Nikifungua mdomo, Miwani atajipachika pichani. Basi nimemficha kwenye droo yangu, ndani ya kopo la chakula nililolitoboa.

Asubuhi kala viwavi. Baada ya muda mfupi anataka tena. Na tena! Kufika adhuhuri nimepindua kila jiwe la uani. Miwani akauliza kama siku hizi nimekuwa kuku.

Jioni nikamkuta kalala ubavu, anatetemeka. Kadude kadogo vile! Niliogopa kweli, hata picha nikaisahau. Nikamwita Miwani. Hakunicheka. Tulichimba minyoo pamoja mpaka kiza kikaingia. Kala, kasimama, kaanza kunusa. Nikamkumbatia Miwani. Aibu tupu. Kulisha usiku tumepeana zamu.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari kampima, kamchungulia meno, karukaruka kama mtoto. Ndiye! Tingatinga limeambiwa lisije kesho. Mpiga picha naye kafika. Nikamweka kirukanjia kiganjani, nikatabasamu. Kaning'ata! Mimi niliyemlisha! Kwa Miwani katulia tuli. Kisha tukamwachia kichakani, akazama kwenye majani bila hata kugeuka. Tayari namkumbuka, mwizi wa fadhila yule.

Ijumaa, 7 Machi
Picha imetundikwa. Katikati ni Miwani na kirukanjia. Pembeni ni mimi, yaani kiwiko changu. Mke wangu kaja kuitazama, kasema kiwiko kimetoka vizuri.

Daktari kagusia kwamba kuna bundi naye hajaonekana huku siku nyingi. Miwani hakusikia, na mimi sitamwambia. Nimefukia pipa zima kichakani, mdomo sawa na ardhi. Ndani, karanga. Nani atakataa karanga?