Besi ya Mashoto

Kilichotuharibia kahawa Alhamisi ile, hapa Lisbon mkahawani kwa Dona Idalina, ni tangazo kwenye simu ya Dagaa, mpiga gitaa mwembamba mwenye mdomo mrefu kuliko nyuzi zake. Mtu wa Porto anauza gitaa la besi la mbao, lisilo la umeme, kwa euro mia na ishirini. Bei ya kutupa. Mashoto akainuka kitini.

Mashoto jina lake Baltasar, na anapiga kwa mkono wa kushoto. Besi yake ilikaliwa na mwimbaji mmoja mnene Jumapili, ikawa kuni. Fundi anataka bei ya gari kumtengenezea nyingine ya kushoto, na mwenye baa ya fado, zile nyimbo za huzuni za Kireno, anakopiga kashamwambia: Jumamosi uje na besi, la sivyo kiti apewe shemeji yako Gaspar.

"Kaa chini," Dagaa akasema. "Muuzaji kalipakata hapa kwenye picha. Ni la kulia."

"La kulia tena?"

"Hata mbinguni wateule wanakaa kuume, bwana. Wewe ni makosa ya kiwandani."

Mashoto akanywea. Ampishe Gaspar, akanung'unika, anayepiga besi kama anapasua magogo? Nilimwonea huruma, ila nilicheka.

Simu ikazunguka mezani. Nikaona bendera ya timu ukutani nyuma ya muuzaji, herufi zimekaa kinyume. Dagaa akasema ndio watu wa Porto hao, hata kuandika wanaanzia mwisho. Tukacheka mpaka vikombe vikacheza.

Dona Idalina akaja kufuta meza, akachungulia.

"Mijitu mizima. Kajipiga picha kwenye kioo. Hilo ni la kushoto."

Mashoto akapiga simu. Akajibiwa kwamba lilishauzwa juzi, likatumwa kwa basi kwa bwana mmoja wa Lisbon, mwenye haraka, ambaye hata hakuuliza ni la mkono gani. Macho yakamjaa maji. Utani ukatuishia wote.

Hapo akaingia Gaspar, kavaa koti la harusi, begi refu mgongoni. Akatutangazia kuwa Jumamosi kiti ni chake, akatoa besi mpya, akaipakata. Akapiga uzi wa juu, panapokaa uzi mnene, akitegemea ngurumo, ukalia mwembamba. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

Mashoto akamvutia kiti.

"Karibu, shemeji. Nakupa themanini."