Friza ya Eddo Halima Imelia

Leo nimejifedhehesha mchana kweupe, hapa mtaani Waberi, mbele ya akina mama saba. Nawaandikia mimi mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wa kutia chumvi.

Mnajua ufundi wa friji nimejifunza peke yangu, kwa vitabu na daftari. (Daftari la nne sasa.) Jana niliitia gesi friza ya Eddo Halima, shangazi yetu sote, muuza maziwa ya ngamia. Ni mashine ya zamani, inatumia R22, gesi iliyoungwa kwa kaboni, hidrojeni, klorini na florini. Hupoza vizuri sana. Lakini haina rangi, harufu yake ni hafifu mno, tena ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chumbani hutanda chini, na aliye sakafuni ndiye hukosa pumzi kwanza. Ikikutana na moto hugeuka sumu ya mapafu. Yote yamo ukurasa wa kumi na mbili.

Leo saa nane nikapita kwake kukagua kazi yangu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilipoingia tu, nikasikia: sssss.

Nikasimama. Sauti ilitoka upande wa friza. Katikati ya chumba Eddo Halima alikuwa amechuchumaa, anafukiza chombo cha maziwa kwa kijiti chenye moto, kama mama yake alivyomfundisha. Na chini, kando ya friza, juu ya mkeka, mjukuu wake Sumaya wa miezi minane amelala. Hatikisiki.

Gesi hiyo niliitia mimi.

"Eddo, zima moto."

"Fundi, salamu kwanza."

"Zima. Gesi imetoka."

"Gesi gani? Mimi nabika na makaa."

Kitabu kinasema usibishane, toa watu. Nikabana pumzi, nikainama, nikambeba mtoto pamoja na mkeka wake, nikatoka mbio.

Sasa fikirini. Mwanamume wa miaka arobaini na minane, mashavu yamefura, hasemi neno (nilikuwa bado nimebana pumzi), anakimbia na mtoto wa watu ndani ya mkeka. Akina mama waliokuwa nje wakisubiri maziwa wakanyanyuka kwa pamoja.

"Warya, wewe! Mtoto nabelekwa wabi?"

Fartun, mama yake Sumaya, alinifikia wa kwanza. Akamnyakua binti yake, na kiatu chake kikatua mgongoni pangu. Mtoto akafumbua macho, akapiga miayo, akalala tena.

"Yuko hai," nikasema.

"Kwani nani alisema amekufa, adeer?" Aliniita ami, kwa heshima, na kiatu kikapanda tena.

Nikaeleza uzito wa gesi, klorini, mapafu. Hofu ikawaingia. Eddo Halima, aliyenifuata nje na kijiti chake, akakizima na kusogea nyuma. Nikarudi ndani peke yangu, leso puani, na maji ya sabuni kwenye kikopo. Nikapaka kila kiungo cha bomba. Gesi ikivuja, sabuni hutoa mapovu. Nikangoja. Hakuna hata povu moja. Na bado: sssss.

Nikaifuata sauti kwa magoti hadi nyuma ya friza. Palikuwa na jerikeni la njano, limevimba mbavu. Nikakiinamia kifuniko, sikio karibu kabisa. (Mimi hupenda uhakika.) Nikakilegeza kidogo.

Kikaruka. Susa ya siku tatu, maziwa ya ngamia yaliyochacha kwa joto la Garissa, ikanipiga uso mzima na kujaa sikioni.

Eddo Halima alikuwa mlangoni. "Fundi," akasema kwa upole, "hii nalia kila siku. Mimi nafungua kidogo, nanyamaza. Kitabu yako haina maziwa?"

Haina. Nimekagua.

Akina mama walicheka hadi wengine wakakaa chini. Fartun alinipa kitambaa nijipanguse, lakini mtoto alimhamishia upande wa pili. Friza haina kasoro yoyote. Eddo amesema niko huru kurudi, ila nipige hodi na mikono yangu ionekane.

Ukurasa wa kumi na mbili bado ni wa kweli, nausimamia. Nimeongeza mstari mmoja tu chini yake: kabla ya kumbeba mtoto wa watu, kagua jerikeni.