Nani Kasema Matumizi Yangu ni Mepesi?

Hajja Inshirah Abdel-Wahid,
Mtaa wa nyuma ya soko la mbao,
Dumyat.

Kwa Mhariri wa ukurasa wa "Nunua kwa Akili".

Ustadh Mhariri,

YAH: MALALAMIKO JUU YA VISHIKWAMBI VIWILI NA HESHIMA YANGU

Amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo ofisini humo, hata yule aliyekubali makala yako ichapwe. Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira nyingi. Mimi ni mjane wa marehemu Raafat, fundi wa vitanda. Nina miaka sitini na nane, na meno yangu mengi bado ni yangu.

Ukurasa wako nimeusoma miaka kumi na mmoja. Mashine ya kufulia niliinunua kwa ushauri wako, na hadi leo inazunguka. Feni ulisema nisiinunue, nikainunua kwa ubishi, ikaungua mwezi wa pili. Sikulalamika, kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo usinidhanie kuwa mgomvi wa kuzaliwa.

Lakini Jumatatu iliyopita uliviweka vishikwambi viwili bega kwa bega, kimoja cha bei nafuu na kingine cha ghali, ukavipima kioo, betri na kamera kama mtu anayechagua mkwe. Hilo ni jema. Tatizo ni sentensi yako ya mwisho, ambayo sasa nimeihifadhi kichwani: "Cha bei nafuu kinawatosha kabisa wazee na watoto, kwa sababu matumizi yao ni mepesi."

Wanangu wawili, Hamdi na Wagdi, walikuwa wameshakubaliana kuninunulia kishikwambi, na mimi nilikuwa nimeshachagua kile cha ghali. Hamdi ndiye mkubwa, na ndiye bahili. Aliikata makala yako kwa mkasi, akaibandika kwenye mlango wa friji yangu mwenyewe, akasema, "Mama, sisi hatuna neno, lakini gazeti ndilo limesema." Wagdi, ambaye hubishana na kila mtu isipokuwa kaka yake, akaitikia, "Gazeti halina undugu na mtu, Mama." Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umenitia kapu moja na watoto. Mtoto hutazama katuni akasinzia. Mimi nimezika mume, nimeoza wana wawili, na ndoa ya Hamdi nimeipatanisha kwa simu mara tatu, mara moja nikiwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno. Daktari mwenyewe aliniambia, "Hajja, funga simu au funga mdomo, vyote viwili siviwezi." Kama hayo ni matumizi mepesi, naomba uniandikie yaliyo mazito ni yapi, nami nitakwambia kama nimeshayafanya.

2. Uliandika kwamba betri ya kile cha bei nafuu hudumu saa sita, ukaongeza kwamba "zinatosha". Zinamtosha nani? Sisi hapa saa moja ni ya kusalimiana na saa moja ni ya kuagana, na mtu akishaagana ndipo hukumbuka jambo alilopigia simu.

3. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mama Ramzi, anacho kishikwambi cha bei nafuu kama hicho unachokisifu. Ijumaa baada ya sala tuliuita ukoo mzima kwenye kioo chake. Tulipofika watu tisa, kikaganda. Mke wa Hamdi aliganda ameachama, na kwa kuwa hiyo ndiyo hali yake ya kila siku, tulikaa robo saa tukimwitikia kwa vichwa, kwa adabu kabisa, mpaka Mama Ramzi aliposhtuka: "Hajja, huyu mkwe wako mbona hapumui?" Mimi naogopa kifaa kinachoweza kuwagandisha watu nisijue.

4. Hili ndilo linaloniuma, na hapa naomba uketi. Uliandika kwamba kamera ya kile cha bei nafuu "ni ya kawaida, lakini inatosha kuonana". Ustadh, kuonana unakujua wewe?

Nina binti, Nashwa, kitinda mimba wangu. Ni muuguzi Kuwait, na huu ni mwaka wake wa tatu. Tangu akiwa na miaka saba, akisema uongo ukope wa kushoto humcheza. Alipovunja gudulia la zeituni, ukope ulicheza. Alipoificha barua ya kazi ya Kuwait chini ya godoro, ukope ulicheza, nikajua anaondoka kabla hajafungua kinywa. Sasa hunipigia kila siku, na kwenye kioo cha simu yangu kilichopasuka uso wake ni kama donge la unga. Namuuliza, "Unakula?" Anasema, "Nakula, Mama." "Unalala?" "Nalala, Mama." Mwaka jana alilazwa siku kumi kwa homa ya matumbo, katika hospitali ileile anakouguza watu, na siku zote kumi alinipigia akasema yuko zamu. Nami nikamwombea Mungu amwepushie uchovu wa zamu. Niliambiwa baada ya kupona.

Sitaki kuambiwa baada ya kupona. Namkumbuka huyu mtoto mpaka kifua kinauma, na kama siwezi kumgusa paji la uso kujua lina joto, basi angalau nimwone ukope. Kwenye donge la unga hakuna ukope. Wewe unaniuzia kamera ya kawaida kwa mtoto ambaye si wa kawaida, kisha unaniambia inatosha.

5. Ili usiseme nalalamika bila ushahidi, nimefanya ulinganisho wangu mwenyewe, jambo ambalo nashuku wewe hukulifanya. Nilikwenda na Mama Ramzi dukani kwa Shukri, ambaye anauza vishikwambi vyote viwili, nikamwambia aviunganishe vionane. Mimi nilibaki ndani ya duka. Mama Ramzi alivuka barabara, akasimama mbele ya duka la halua. Swali lilikuwa moja tu, na nililichagua kwa makusudi: "Mama Ramzi, una miaka mingapi?"

Mara ya kwanza yeye alishika kile cha bei nafuu. Akasema, "Hamsini na mitano." Uso wake ulikuwa laini na mnyoofu, nikakaribia kumwamini, mimi niliyesoma naye darasa moja. Kisha tukabadilishana, akashika kile cha ghali. Akasema tena, "Hamsini na mitano," lakini safari hii niliona pua inatanuka, niliona makunyanzi yanakimbizana, niliona jasho juu ya mdomo. Nikapiga kelele, "Muongo! Sitini na minane!" Wauza halua wakatoka nje kutazama. Shukri akaniambia, "Hajja, nunua au niachie duka, wateja wanadhani kuna msiba." Mama Ramzi hakunisemesha siku mbili, lakini elimu haipatikani bure.

Matokeo umeyaona: cha bei nafuu huficha uongo, cha ghali huufichua. Jambo hili halimo kabisa katika jedwali lako. Umeandika uzito wa kila kimoja kwa gramu, lakini uongo hukuupima.

6. Kwa hayo yote, nadai yafuatayo, na sitapunguza hata moja. Kwanza, uandike kwamba ulikosea, na uandike pale pale ukurasa wa nne, si kule chini karibu na matangazo ya vifo. Pili, kuanzia sasa kishikwambi chochote kisisifiwe gazetini kabla hakijapimwa na kamati ya akina mama wenye watoto ughaibuni. Kamati ikae Dumyat, mimi niwe mwenyekiti, na Mama Ramzi awe mwongo wa kupimia, kwa kuwa ana kipaji. Tatu, kila kishikwambi cha bei nafuu kibandikwe onyo kwenye boksi lake kama pakiti za sigara: "Tahadhari, kifaa hiki huficha dhiki ya mwanao." Nne, viwanda vyote duniani vilete kifaa kipya hapa kwanza, tukikague, ndipo vitangaze. Tano, Hamdi aitwe ofisini kwako aisome makala iliyosahihishwa kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili na mimi.

Naamini madai haya ni ya kiasi. Mwanamke mwingine angekwenda mahakamani.

Nisalimie mkeo na mama yako kama yu hai, na kama hayupo Mungu amrehemu. Nisalimie anayepanga herufi, anayetengeneza chai, na mlinzi wa mlangoni, ambaye nitakuja kumjua kwa jina usiponijibu.

Wako katika ukweli unaoonekana vizuri,

Hajja Inshirah Abdel-Wahid

Nyongeza: Barua hii ilikaa chini ya redio siku tano ikisubiri mtu wa kuipeleka posta. Katika siku hizo Wagdi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimshinda kaka yake, wakaniletea kile cha ghali. Nilijifunga kitambaa kipya cha kichwa, nikakisimamisha mezani jikoni, nikampigia Nashwa. Yeye ana simu mpya nzuri, na kwenye kioo hiki nilimwona mpaka vinyweleo. Nikaukodolea macho ukope wa kushoto. Ulitulia tuli. Amenawiri, mashavu yanang'aa, anakula na kulala kama anavyosema. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Yeye akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akasema, "Mama, umekonda hivyo tangu lini?" Nikamwambia ni kitambaa kinanibana. Akasema, "Mama, hilo jiko nyuma yako mbona limefunikwa shuka? Na hilo juu ya shuka si vumbi?"

Wagdi alikuja kunieleza jioni, akiwa amechelewa. Akasema, "Kamera nzuri, Mama, haikuonyeshi wewe watu, inawaonyesha watu wewe." Shukri hakunitajia, na wewe pia hukuandika.

Basi sina budi kusema. Tangu Nashwa aondoke nimekuwa nikila mkate na jibini, nimesimama, kwa sababu bata mzima hapikiwi mtu mmoja. Na kila siku nilimwambia nimepika. Leo bata wa kujaza vitunguu, kesho mchuzi wa majani ya mlokhiya na sungura. Kwenye ile simu iliyopasuka aliniamini miaka yote hii. Sasa anapiga kila siku saa saba mchana, ananiamuru nigeuze kioo kielekee sufuria, na asipoona mvuke anasema ataacha kazi arudi nyumbani. Jana nilipika bata. Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Akaniambia, "Mama, vitunguu viko pale kwenye kapu, bado hujavimenya."

Kwa hiyo, Ustadh, nakuomba sana uichapishe upya ile makala yako ya mwanzo, kwa herufi kubwa, wanangu wote watatu waione: cha bei nafuu kinamtosha kabisa mama mzee. Na kama unalijua duka lenye kimoja ambacho kamera yake ni mbovu kuliko zote, niletee jina lake leo, kabla ya saa saba.