Mrusha kabichi niliyempeleka kwenye besiboli

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, Nakuru hii hii ninakoheshimika. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaambiwa na wenye midomo.

Mnajua mimi ndiye mlezi wa timu ya besiboli ya mtaa wetu. (Kwa wasioijua: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga na gongo, halafu watu wanakimbia. Mengine hata mimi huitikia tu kwa kichwa.) Jezi ni mimi. Usafiri ni lori yangu. Mtu aliyeachia shule darasa la nne, akaanza na mkokoteni mtaani Kaptembwo, leo anapeleka kabichi za Keringet mpaka Nairobi. Sijisifu. Nasema ukweli, basi.

Shida yetu ni warushaji. Tunaye mmoja mkali, lakini mkono wake ukichoka katikati ya mechi, tumekwisha. Hakuna wa kuingia badala yake. Msimu uliopita tulikuwa tunaongoza mpaka anachoka, halafu tunapigwa kama ngoma. Sasa mazoezi ya msimu mpya yanaanza Jumatatu, na Kocha Akinyi akawa ameleta vijana wawili wa chuo awajaribu.

"Hao wa nini?" nikamwambia. "Mikono laini kama mandazi! Mimi nitakuletea mrushaji wa kazi."

"Sawa, Chairman. Tutawajaribu wote," akasema. (Huyo mama ni mpole mpaka anaudhi.)

Hapo ndipo mdomo uliniponza. Nikasimama mbele ya timu nzima nikatangaza: "Mtu wangu akishindwa, sitachagua tena mchezaji kwa hii timu. Nitakaa kwa benchi ninyamaze!"

Wakapiga makofi. (Nilidhani ni ya heshima.)

Mtu wangu ni Kiprono, anayenipakilia kabichi. Huyo husimama chini, mwenzake juu ya lori, na kabichi zinapaa moja baada ya nyingine kutwa nzima. Hachoki. Hakosei. Nikajiambia, huyo akipewa kampira kadogo si atatoboa ukuta?

Leo mchana tukafika uwanjani. Kiprono akasimama mahali pa mrushaji. Juma, mdakaji wetu, akachuchumaa na glavu nyuma ya mpigaji.

Kiprono akarusha.

Mpira ukapanda juu. Ukatulia kidogo huko, kama unaangalia mlima Menengai. Ukaanza kushuka polepole. Mpigaji akangoja. Akakunja mikono ya shati. Akaupiga mpaka nje ya ua.

Wa pili, vile vile. Wa tatu, mama anayetuuzia chai akaomba gongo, akaupiga yeye. Na leso kiunoni!

Nikamvuta Kiprono kando. "Unaniua! Rusha kwa nguvu!"

"Boss, nikirusha kwa nguvu si itapasuka?"

"Nini itapasuka? Huo ni mpira!"

"Mimi najua, boss. Mkono ndio haijui."

Wale vijana wa chuo walikuwa wanacheka chinichini. Kocha alikuwa ananiangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nikachukua gongo mwenyewe, nikasimama mahali pa mpigaji.

"Kiprono! Sahau kabichi. Kumbuka ile Krismasi nilikutuma Nairobi na mzigo, watu wako wakakula mbuzi bila wewe."

Nikaona macho yake yamebadilika.

"Kwa nguvu yote, boss?"

"Yote!" nikasema. (Sauti ilitoka nyembamba kidogo.)

Akarudi nyuma. Akainua mguu. Akazungusha mkono, akanguruma kama lori inayopanda mlima kutoka Mai Mahiu na mzigo. Hapo nikakumbuka nina watoto. Nikatupa gongo, nikajitupa chini kifudifudi, mikono kichwani, nikapiga nduru:

"Mamaaa! Nimekufa!"

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikafungua jicho moja, nikaangalia juu.

Mpira bado ulikuwa hewani.

Ukashuka taratibu, ukatua katikati ya mgongo wangu, kwa upole, kama mtu ananibembeleza. Juma akaniinamia. "Mzee, imefika. Unaweza kuamka sasa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, simu ziko juu zinarekodi. Mama wa chai alikaa chini kabisa. Hata Kiprono alicheka, mtu ninayemlipa!

Kocha akaninyanyua, akanipangusa vumbi. "Chairman, huyu namchukua."

Nikafufuka. "Si nilikuambia!"

"Namchukua wa mazoezi. Hakosei mahali na hachoki, atawarushia wapigaji wetu wajifunze kupiga. Lakini wa mechi ni hawa vijana."

Wakarusha hao vijana. Mpira wenyewe sikuuona. Nilisikia tu glavu ya Juma ikilia "paa!" na Juma akitikisa vidole. Nikafungua mdomo nitoe maoni yangu. Kocha akaninyooshea benchi kwa kidole kimoja, bila ubaya wowote.

Nikaenda nikakaa. Nilinyamaza mpaka jioni. Watu watatu walikuja kuniuliza kama naumwa.

Sasa nyinyi wenye video, tuelewane: mimi sikuanguka. Nililala kwa hiari yangu.