Malalamiko Dhidi ya Kasi ya Majibu ya Kohozi

Kwako Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, na mwanangu kwa njia ya chaki,

YAH: KURUDISHWA KWA SUBIRA KATIKA UPIMAJI WA KIFUA KIKUU

Nakusalimu kwa heshima ya cheo chako, kisha nakusalimu tena kwa haki yangu ya kukufundisha jiografia darasa la sita, enzi zile ulipokuwa ukichora mito inayopanda mlima. Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, na huo uzima ndio chanzo cha barua hii, kama nitakavyoeleza kwa mpangilio.

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Paa la darasa langu lilivuja miaka mingi, nami nikalitumia kufundishia mvua. Lakini yako mambo ambayo mtu mzima akiyanyamazia huwa ameyabariki. Tangu ulipoletewa ile mashine mpya ya kupima kohozi, kituo chetu kimeharibika kwa kufanya kazi. Nitakutajia madhara yake, nawe uyasome polepole, maana huo upole ndio tunaougombea.

1. Majibu yanatoka kabla watu hawajafahamiana.

Zamani, na zamani yenyewe ni mwaka jana tu, mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili alikuja hapa akatema kohozi kwenye kikopo, akaambiwa alete jingine la alfajiri, akarudi akakuta mtaalamu wa maabara yuko semina, akarudi tena akakuta taa ya hadubini imeungua. Huo ulikuwa utaratibu na tulikwisha kuuzoea. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hawakuongeza kwamba isipokuwa maabara.

Katika kusubiri huko ndipo lilipozaliwa benchi letu la korido. Tulikaa watu wale wale, wiki baada ya wiki: mimi, dereva mstaafu wa lori tunayemwita Gia Tatu, kwa kuwa hata akitembea kwa miguu hajawahi kuingiza ya nne, na Mama Pindo, fundi cherehani, mjane, mwanamke ambaye hata akikohoa hufanya hivyo kwa adabu, mkono mdomoni, uso ukutani.

Nitasema wazi, usije ukayasikia kwa Gia Tatu yakiwa yameongezwa chumvi. Mimi ni mgane, nyumba yangu ina viti vinne na mkaaji mmoja, na nilikuwa najiandaa kumposa Mama Pindo. Jambo kama hilo halisemwi kwa siku moja. Mwalimu huandaa azimio la kazi. Wiki ya kwanza nilimweleza kuhusu hali ya hewa. Wiki ya pili, aina za udongo. Nilikuwa nimefika kwenye makazi ya watu, yaani sababu zinazowafanya binadamu wawili waishi eneo moja, ndipo mashine ikaletwa, sote tukaambiwa tuteme upya, na kabla jua halijafika utosini kila mtu alikuwa na majibu yake mkononi. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijawahi kukatizwa somo kwa ukatili wa namna hiyo.

2. Hewa imezidi.

Siku hiyo hiyo ulituhamisha kutoka korido, ukatuweka upenuni, na ukaamuru madirisha yote yafunguliwe, hata lile la mwisho lililogandishwa na rangi tangu jengo lilipozinduliwa. Muuguzi alitueleza kwamba vijidudu vya kifua kikuu hukaa kwenye hewa iliyotuama na hutawanywa na upepo. Sibishani naye, pepo nimezifundisha mimi. Ila fahamu kwamba upepo unaotawanya vijidudu hutawanya na maneno. Nilimwambia Mama Pindo kwa sauti ya chini kwamba upweke ni kama jangwa, na aliyenijibu alikuwa mlinzi wa getini, akaniambia, "Pole, mzee wangu."

Aidha, umetupa barakoa. Je, mtu atajuaje kama posa yake imepokelewa kwa tabasamu au kwa miayo?

3. Mashine imenifelisha.

Nilikohoa kwa moyo wote. Nilitema kama nilivyoelekezwa, kutoka kifuani hasa, siyo mate ya mdomoni kama wafanyavyo wavivu. Majibu yakaja: hakuna vimelea. Nikaomba nirudie. Mtaalamu wa maabara akasema, "Babu, mashine haina upendeleo." Nikamjibu kwamba hilo ndilo tatizo lake. Daktari wako alinisikiliza kifua, akaniuliza ninalala wapi, nikamwambia nalala kati ya makasha ya vitabu vyangu. Akanishauri niyafute vumbi. Sikusoma miaka yote ile ili niugue vumbi.

Gia Tatu naye, ambaye aliambiwa tu aachane na sigara, sasa anasimulia kila kibanda kwamba Mwalimu amefeli mtihani wa kohozi. Wanafunzi wangu wa zamani wananipa pole njiani, na wengine, nimewaona, wanafurahi.

4. Matibabu yanaanza kwa pupa.

Mama Pindo yeye alikutwa na ugonjwa. Hapo nakiri nilisahau hata mwelekeo wa kaskazini. Lakini badala ya kuachiwa nafasi ya kumfariji kwa wiki mbili tatu, kama ambavyo ingekuwa zamani, muuguzi alimwita ndani papo hapo, akamfanyia ushauri, akampa dawa, akampa maji, akamwona anameza. Alipotoka alikuwa na mfuko wa dawa na haraka ya kwenda nyumbani. Nilikuwa nimenyanyua kidole ili nianze sentensi. Nilibaki nacho hewani, mpaka mama mmoja akadhani nasimamisha pikipiki.

5. Sikuhesabiwa.

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Kesho yake wahudumu wako walikwenda nyumbani kwa Mama Pindo kuwachunguza wote wanaoishi naye, na mjukuu wake mdogo akapewa dawa za kinga. Nilipopata habari nilijipeleka mwenyewe kituoni nikataka niandikwe miongoni mwa watu wake wa karibu. Muuguzi akaniuliza, "Mzee, wewe kwake ni nani?" Nikafikiri. Nikasema: jirani wa benchi. Akaniambia kwa upole kwamba mimi nimeshapimwa, niwe macho tu na dalili. Mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu ametambuliwa na serikali kuwa ni mtu wa karibu wa Mama Pindo, na mimi niliyemweleza aina zote za udongo nimeambiwa niwe macho.

Najua utanijibu nini. Utaniambia habari za fundi viatu, aliyekuwa mtu wa nne wa benchi letu kabla ya mashine. Ni kweli, yeye alisubiri kama sisi, akacheka kama sisi, na majibu yake yalipotoka kwenye droo ya maabara tulikuwa tumekwisha kumzika. Sitaki kulificha hilo. Nilikusudia kuandika hapa kwamba yule ni mmoja tu, lakini nimelitazama neno "tu" kwa muda mrefu nikaona halikai. Naiacha hoja hii nikiwa nimeshindwa, naendelea na nyingine.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, mashine ipumzishwe siku moja kila wiki, na siku hiyo wagonjwa warudishiwe hadubini na matumaini. Pili, dirisha moja lifungwe, lile lililo karibu na mwisho wa benchi, kwa watu wenye mazungumzo. Tatu, kati ya majibu ya kuwa na ugonjwa na kutokuwa nao, liwepo jibu la katikati, litakalomwezesha mtu mzima kuendelea kurudi kituoni bila kuonekana mzururaji. Nne, ikiwa hayo ni mazito, ifunguliwe Idara ya Wasioumwa, yenye benchi lake, muuguzi wake, na foleni isiyosonga. Niko tayari kuiongoza bila malipo, maana ninao uzoefu wa kutosha wa kutoumwa.

Nisalimie muuguzi, ambaye anafanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Nisalimie mtaalamu wa maabara na umwambie sina kinyongo naye, kinyongo changu kiko kwa mashine. Mlinzi wa getini namshukuru kwa pole yake. Mama yako mzazi mpe habari kwamba wewe sasa unajua mito inakoelekea.

Ni mimi niliyekufundisha, na bado nakufundisha,

Mwalimu Tufe (mstaafu)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari mezani, inasubiri gundi, muuguzi wako alipobisha hodi. Anasema kila mgonjwa wa kifua kikuu huchagua mtu wa kumsimamia, aje kila siku amwone anameza dawa, na kwamba mkwe wa Mama Pindo hawezi kwa sababu anatoka kwenda kazini mapema. Mama Pindo ameulizwa anamtaka nani, akajibu kwamba anamtaka mtu asiye na haraka, halafu akanitaja mimi.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta, kuanzia salamu. Mashine isipumzishwe hata siku ya sikukuu. Dirisha lisifungwe, tumeelekezwa tukae kibarazani kwake, penye upepo, nami nimeupima ule upepo nikaona hauna neno. Idara ya Wasioumwa sina tena muda wa kuiongoza.

Nimeanza leo asubuhi. Amemeza zote, akanionyesha ulimi kuthibitisha, nami nikasema "Vizuri sana" kama nilivyozoea, akacheka mpaka akakohoa, mkono mdomoni, uso pembeni. Muuguzi amesisitiza kwamba dawa ni za miezi sita na zisikatishwe hata mgonjwa akijisikia amepona. Hakuniambia msimamizi yeye hukatishwa lini. Kama kuna mwongozo wowote unaosema, mwanangu, tafadhali usiutafute.