Ukoo Wangu wa Ghorofani

Jumatatu, 8 Septemba

Saa tano asubuhi. Wadogo wanne wamelala. Naandika haraka kabla hawajaamka.

Nafuatiliwa! Gari jeupe limeegeshwa mbele ya jengo letu tangu saa mbili. Ndani kuna mwanamke, miwani, daftari. Anatazama mlango wangu, anaandika. Anatazama tena, anaandika tena. Mtu haandiki hivyo kama hana jambo.

Na aliyemwita namjua. Anastasie wa nyumba ya chini, yule Mkongo tunayemwita Mama Shalom. Naye analea watoto, ila yeye ana cheti cha serikali, kakitundika sebuleni kwenye fremu ya dhahabu. Mimi sina cheti. Mimi nina kipaji. Jana kanisani aliniuliza siku hizi nina watoto wangapi, huku anatabasamu. Tabasamu la nini? Nikamwambia Mungu ndiye anayejua.

Fiona, mke wangu, ni nesi na anapenda sana kusoma maandishi madogo. Leo kabla ya kwenda kazini alinikalisha. Akasema hapa Texas, bila leseni, mwisho ni watoto watatu wasio wa damu yako, na hata hao watatu lazima ujiandikishe kwanza. Nikasema mimi ninao wanne, nimezidisha mmoja tu, tena ni mwembamba. Akauliza, je, wale watano wanaoshuka kwenye basi la shule saa tisa na robo? Nikacheka. Wale ni wanafunzi! Serikali imeshawahesabu shuleni, itawahesabu mara ngapi? Fiona hakucheka. Akasema mtoto ni mtoto mpaka atimize miaka kumi na minne, awe na mkoba au asiwe nao. Kwa hiyo ninao tisa. Kijana wetu Sheldon ni wa kumi, ila huyo angalau ni damu yangu.

Nikifungiwa narudi kwenye ghala kule Carrollton. Miaka mitatu nilibeba maboksi pale hadi magoti yakalia. Niliapa sirudi. Ng'o!

Saa tisa na nusu. Gari jeupe limeondoka. Limeondoka dakika tano baada ya basi la shule kuja. Limeshapata lilichotaka.

Jumanne, 9 Septemba

Gari limerudi. Mama Shalom kapita karibu nalo akaenda kutupa takataka. Hawakusalimiana. Watu wasiojuana husalimiana. Wanaojifanya hawajuani ndio hunyamaza.

Nimeisoma sheria upya kwenye simu. Mara mbili, polepole. Na nimeona pale Fiona alipopitwa. Wasio wa damu yako! Kumbe shida si watoto, shida ni damu. Na damu kwetu Kisii haijawahi kuwa shida. Mtoto wa rika la baba yangu ni ndugu yangu. Mtoto wa dada ya mke wa jirani ni mpwa wangu. Mzungu hawezi kubishana na hilo, hajui hata aanzie wapi.

Nimegeuza kalenda ya kanisa, nikachora ukoo mzima nyuma yake. Watatu ni Wakisii, kazi kwisha. Wawili wa Elirehema ni Wachaga. Nimewaingiza kwa upande wa shangazi. Wao wanapenda ndizi na sisi tunapenda ndizi. Inatosha. Mapacha wa kina Kwamboka wameingia kwa jina la mama yao tu. Waliosumbua ni Josué na Jessica, watoto wa Godefroid, Wakongo kutoka upande wa Bukavu. Nikakumbuka babu yangu mdogo alikwenda Kongo kutafuta kazi akapotea. Kupotea alipotea kweli, ila alipotelea Nakuru. Nani atakwenda kuuliza?

Sasa wapate majina. Huwezi kuwa wa ukoo wetu ukiitwa Josué. Yeye ni Ombati. Jessica ni Moraa. Jessica ana miaka minane. Kanijibu kwa Kiingereza kwamba jina lake liko kwenye mkoba na mkoba haufutiki. Mtoto huyu atakuja kuwa wakili, na hatakuwa wakili wangu.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya mazoezi. Nikigonga kifuniko cha sufuria, watatu wanabaki sebuleni wakichora. Wengine wote wanajificha: bafuni, chini ya vitanda, kwenye kabati la makoti. Kimya mpaka niwaite. Mara ya kwanza dakika nne na kilio kimoja. Mara ya sita sekunde hamsini! Jeshi!

Kisha majina. Nikawaambia asiitike mtu kwa jina la zamani, hata nikimwita mimi mwenyewe, maana naweza kuwa namjaribu. Atakayekosea hana biskuti. Wote wakakosea. Isipokuwa Josué, miaka minne, kasimama wima na ute unamtoka. Nikaita Josué! Kimya. Nikaita tena, kwa ukali. Akanitazama tu. Nikaita Ombati! Akasema, "Naam, ankol." Karibu nilie kwa furaha. Nimempa biskuti tatu. Kama wote wangekuwa hivi ningekuwa na matawi mpaka Houston.

Sheldon kaniuliza kama huu si uongo. Nikamwambia ni mipango. Akauliza tofauti ni nini. Nikamtuma akafanye homuwaki.

Saa kumi na mbili Godefroid kaja kuwachukua wake, bado na fulana ya kazini. Akamwita Josué mara mbili, mtoto kakaa kimya. Nikasema ni mchezo tu. Akacheka kidogo, mtu amechoka huyo. Kisha akasema, Baba Sheldon, hawa wawili ndio ukoo wangu wote Amerika hii. Mkewe alifia kwenye kambi ya wakimbizi, nilikuwa najua. Akanishukuru kwamba akiwa kazini moyo wake unatulia. Akaniuliza kama ni kweli yanayosemwa kanisani, kwamba naweza kufungiwa, maana hana pengine pa kuwapeleka. Nikamwambia aondoe shaka. Lakini yanayosemwa na nani? Nimeandika jina moja kwenye karatasi. Mama Shalom!

Alhamisi, 11 Septemba

Lazima niandike.

Saa kumi kasoro nikamwona yule wa gari jeupe akipanda ngazi zetu. Daftari mkononi! Nikagonga kifuniko. Sekunde arobaini na tano, nyumba kimya, watatu wanachora. Nikafungua mlango nikiwa na uso wa mtu asiyejua kitu.

Akasema anaitwa Scholastique, amehamia juzi kutoka Sugar Land, anatafuta mahali pa kumwacha mwanawe. Kwa Kiswahili safi! Serikali imefika mbali. Nikamwambia hapa halei mtu mtoto wa mtu, hawa ni wapwa zangu wamekuja kusalimia. Akatazama mikoba mitano ukutani. Nikasema mimi mwenyewe napenda mikoba. Bafuni mtu akapiga chafya. Nikapiga chafya pia, mara tatu. Akafunga daftari, akaniaga kwa heshima, akashuka. Akaenda kugonga wapi? Kwa Mama Shalom! Nikasema nimewapata.

Nikawaita watoto watoke, waimbe kwa ushindi. Wakatoka. Nikahesabu. Tisa na Sheldon ndani yao. Nikahesabu tena. Tisa.

Josué hayupo.

Nikaita Josué. Bafuni hayupo. Chini ya vitanda hayupo. Nikafungua kabati la makoti, nikaona makoti. Mlango wa mbele nilikuwa nimeuacha wazi nikimchungulia yule mwanamke. Na huko chini kuna bwawa la kuogelea, na geti lake halifungi tangu Julai.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Magoti yale yale yanayokataa kila kitu yalikimbia. Maji yalikuwa matupu, ya buluu, yametulia. Nikayatazama pembe zote nne. Nikaita jina la mtoto mpaka watu wakatoka kwenye varanda. Niliogopa. Sitamwambia mtu, nasema hapa tu: niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mama Shalom akatoka na ndara moja mguuni. Watoto wake akawaacha na binti yake mkubwa, akanishika mkono, akanirudisha juu. Akauliza walikuwa wangapi nyumbani. Nikasema tisa. Nikasema kumi. Nikasema inategemea unahesabuje. Akauliza tena, polepole, bila kelele, na mimi mtu mzima nikalia mbele ya watoto wa watu.

Ndipo Godefroid akaingia. Alitoka kazini mapema leo. Alituona tu, akajua. Akaita Josué kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Jessica akavuta fulana ya baba yake. Akasema hawezi kuitika, ankol alimkataza. Siku hizi anaitwa Ombati.

Godefroid akaita, Ombati. Kutoka ndani ya kabati, chini ya koti la baridi la Fiona, nyuma ya buti: "Naam." Akatoka, nywele zimejaa manyoya ya koti, akauliza biskuti yake iko wapi. Wakati wote ule alikuwa pale, ananisikia, anangoja jina.

Godefroid akamkumbatia akamnusa kichwa muda mrefu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniambia tu kwamba nimemfundisha mwanawe asiitike jina alilopewa na mama yake. Akachukua mikoba yao miwili, wakaondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Fiona ameamua. Watatu. Si watatu na nusu, watatu, na yeye mwenyewe ameniandikisha serikalini jana kwenye kompyuta, nikiwa nimekaa pembeni kama mshtakiwa. Ukoo umechanwa. Nyuma ya kalenda sasa kuna namba za dharura.

Wengine wamekwenda kwa wazazi wao wapange upya. Josué na Jessica wamepokelewa na Mama Shalom, papo hapo, bila hata kumwuliza Godefroid maswali. Na mtoto wa Scholastique pia. Kumbe Scholastique si mtu wa serikali! Mama wa kawaida tu, alikuwa anakaa garini siku tatu aone kila nyumba inawatunza watoto vipi kabla ya kuamua. Kwenye daftari alikuwa anaandika nani anatoka kuwapokea watoto wa basi. Mimi nilikuwa nawapigia mluzi kutoka dirishani.

Mama Shalom kaja na sombe ya moto, kisamvu cha kwao. Akasema yalishampata hata yeye zamani, ndiyo maana ana cheti. Nimemshukuru. Nimekula. Nimejutia kila nililomdhania. Kweli kabisa nimejuta.

Ila sombe ilikuwa nyingi mno kwa mtu asiye na nia.

Alhamisi, 25 Septemba

Siku kubwa! Haki imetendeka!

Alhamisi watatu wangu huchukuliwa mapema, nami jioni nina darasa la huduma ya kwanza, Fiona ndiye aliyeniingiza. Tunampulizia mdoli. Leo mdoli wa mwalimu umepasuka kifuani, tukaachiwa saa kumi. Nikarudi mapema, nikapita mbele ya mlango wa Mama Shalom. Viatu vya watoto vimepangwa nje, safi, viwili viwili. Sikuwa na nia mbaya. Macho yenyewe yalihesabu.

Jozi kumi na tatu.

Cheti chake nimekisoma zamani, kila mstari. Basi likishashusha, mwisho ni kumi na wawili, hata wa kumzaa mwenyewe wakihesabiwa. Nikahesabu tena kwa kidole. Kumi na tatu! Ya mwisho raba mpya nyekundu, hata vumbi haijashika. Kumbe! Yule mama wa fremu ya dhahabu! Nikarudi garini, nikafunga vioo, nikapiga simu serikalini. Nikataja jina, namba ya nyumba, rangi ya raba. Yule dada wa simu kasema asante, mtu atakuja Jumatatu. Nikajisikia raia mwema. Niliwaza pia Josué yuko mle ndani, na nikajiambia ni kwa ajili yake.

Saa kumi na mbili na nusu mlango ukafunguka. Sheldon. Raba nyekundu, mpya. Fiona alimnunulia jana. Na mimi mwenyewe, asubuhi, kwa mdomo wangu, nilimwomba Mama Shalom amkalishe Sheldon kwake mpaka nirudi kutoka darasani. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Kamrudisha na bakuli la sombe.

Fiona anauliza mbona sili. Nitamwambia nini? Wakimfungia Mama Shalom, watoto wa watu hawana pa kwenda, na wa Godefroid ndio wa kwanza.

Lakini nauliza, na nitauliza hata mbele ya huyo mtu wa Jumatatu: mama mzima, mwenye cheti ukutani, anapokeaje mtoto wa kumi na tatu bila kuhesabu? Watu wengine hawajifunzi.