Siku Niliyogawa Firigisi kwa Usawa

Leo nimejiaibisha mbele ya chuo kikuu na mbele ya kijiji, kwa mpigo mmoja. Wengine huaibika upande mmoja. Mimi nimepata pande zote.

Nawaandikia kutoka saiba, duka la kompyuta, hapa Kitale. Nimechoka mpaka kukaa kunanichosha. Chini ya kiti changu kuna kikapu, na kilichomo nitakieleza baadaye, maana nikianza nacho mtafunga ukurasa.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijaribu kuwakutanisha wanawake wawili. Mmoja ni Dakta Naliaka, anayefundisha sheria chuo kikuu. Mwingine ni Mama Selina wa Bokoli, ambaye kikundi chake hutetea wajane wanaofukuzwa kwenye mashamba ya waume zao. (Mimi sikusoma chuo. Mambo ya ushirikiano nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima na kwa wasiwasi.)

Shida ni kwamba mwaka jana wanafunzi wa Dakta walifika Bokoli, wakawahoji wajane mpaka wakawaliza, kisha wakapotea. Mama Selina hajasahau. "Njoroge," aliniambia, "hao watu wako wanajua kuvuna tu. Kupanda hawajui."

Lakini sasa kuna Rodah, mjane ambaye shemeji zake wamelima shamba lake mpaka mlangoni. Kesi inasikizwa Bungoma mwezi ujao na hana wakili. Dakta ni wakili. Na Rodah hawezi kufungua mdomo mbele ya mgeni bila Mama Selina kuwa kando yake. Kwa hiyo leo ilikuwa lazima hawa wawili waelewane.

Tulikubaliana tukutane Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo, kwa sababu si kwa huyu wala kwa yule. Nilifika kabla mlinzi hajafungua lango. Nikapanga viti kwa mduara, ili pasiwe na meza kuu. Kimoja kilikuwa na mto, kikaonekana kama cha bosi. Nikakificha stoo.

Mama Selina akaja na jogoo wake mwenyewe, ameshachinjwa na kunyonyolewa.

"Njoroge, wewe angalia viti. Jikoni niachie mimi."

"Sawa, Mama."

(Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo.)

Mimi nikaanza kufikiria firigisi. Wa kwetu walitoka mkoa wa Kati, lakini nimekulia huku na najua: jogoo wa wageni akipikwa, firigisi ni ya mkubwa wa shughuli. Ukimpa mtu, umemtangaza. Sasa nani angepewa? Akipewa Mzee Simiyu, mwenyekiti wa kikundi, chuo kitaona kimedharauliwa. Akipewa Dakta, ni mwanamke, na huku kuna wazee ambao hata kuku hawataki mwanamke ale, sembuse firigisi. Niliona vita. Niliona Rodah akisimama kortini peke yake, kwa sababu ya kitu kinachotosha kiganjani.

Gari la Dakta likapiga honi langoni, Mama Selina akaenda kumpokea. Nikaingia jikoni. Mpishi anaitwa Rasoa.

"Naomba firigisi ikatwe vipande vidogo, kila sahani ipate."

"Ati nini?"

"Ili pasiwe na mkubwa."

"Mama Selina anajua?"

"Ni mpango." (Ulikuwa mpango. Wangu.)

Rasoa akanipa kisu. "Kata mwenyewe. Mimi niko na watoto."

Nikakata. Kipande kimoja kilizidi vingine, nikakipunguza. Kile kilichobaki nikakila. (Nimeamua kuungama kila kitu.)

Mkutano wenyewe ulianza vizuri kuliko nilivyoogopa. Hata chai haijamiminwa, Dakta akasema, "Tulikosa. Tulichukua maneno yenu, hatukurudi." Mama Selina akasema tu, "Tule kwanza." Sahani zikapitishwa. Nikaona mchuzi umegawanyika sawasawa. Nilijisikia vizuri kwa kitambo kidogo, jambo ambalo hunitokea kwa nadra.

Ndipo Mama Selina akasimama, ameshika bakuli lenye kifuniko alilokuwa amemwachia Rasoa.

"Mzee Simiyu na mimi tumebishana juu ya hii wiki nzima," akasema. "Kwetu firigisi ni ya mwanaume. Leo Mzee amekubali iende kwa mwanamke. Dakta, ukiila hii mbele yetu, basi kesi ya Rodah ni yako na ni yetu."

Dakta akaweka kijiko chini. Yeye ni mtoto wa Bungoma, hakuhitaji kuelezwa. "Baba yangu amekufa hajawahi kunionjesha," akasema.

Mama Selina akafunua. Akakoroga. Shingo. Paja. Akakoroga tena.

"Rasoa?"

 Rasoa alininyooshea mwiko.

Nikasimama. "Nimeigawa," nikasema. "Kwa usawa."

Hakuna aliyetafuna. Mzee Simiyu akachokora sahani yake, akatoa kipunje kwa vidole viwili, akakiinua kuelekea dirishani.

"Hii ndiyo usawa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ni kadogo, bana."

Dakta akanigeukia. "Njoroge, haya ulisomea wapi?"

"Nilijisomea."

"Inaonekana."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Mama Selina, ambaye sijawahi kumwona akicheka mbele ya mtu wa chuo. Wakacheka wameegemeana kama watu waliosoma darasa moja. Mimi nilikuwa bado nimesimama, na kijiko mkononi.

"Lakini hii si mchezo," Mzee Simiyu akasema. "Firigisi haijaliwa. Neno halijafungwa."

Wakainamiana watatu, wakanong'ona, wakanitazama, wakanong'ona tena. Huo ndio ukawa uamuzi wa kwanza wa pamoja kati ya chuo na kikundi: kwamba mimi ndiye mwenye makosa. Hakuna aliyepinga. Jumamosi Dakta atarudi, hadi Bokoli, nyumbani kwa Mama Selina. Rodah atakuwepo, ili waanze kutayarisha kesi. Na mimi nilete jogoo.

"Akiwa hai," Mama Selina akasema. "Tutamchinja wenyewe. Wewe utakaa nje."

"Nipange viti?"

"Hata viti usiguse."

Kwa hiyo niliposhuka Kitale nilienda sokoni moja kwa moja, maana Jumamosi ni mbali na mimi wasiwasi wangu mnaujua. Nilikagua kila jogoo aliyekuwepo, nikawapima kwa mikono, nikarudia, mpaka muuzaji akaniuliza kama naenda kuoa.

Ndiye huyu aliye kikapuni. Amewika sasa hivi. Saiba nzima imegeuka, na mwenye duka ameniambia nizime simu.

Naomba msicheke. Kama mmeshindwa, basi chekeni kwa usawa.